Jirani Hayumo Kwenye Masharti

Matongo, Jumanne jioni. Mvua imepiga tangu mchana, sasa yamebaki matone ya kwenye bati tu, na udongo unanukia vizuri. Nimekaa jikoni, miguu nimeinyoosha karibu na moto, simu mkononi. Furaha niliyo nayo leo ingekuwa mahindi, ningeazima ghala la pili.

Nianze na lile kubwa, maana likikaa kifuani litanipasua.

Mwanangu Bhoke ni wakili.

Ameapa. Amevaa joho jeusi na kile kitambaa cheupe cha shingoni, na jaji amempa mkono. Mimi niliyeishia darasa la saba, ninayewapikia wachimbaji ugali na nyama pale Nyamongo, nimezaa wakili. Nyie mliokuwa mnalalamika kwamba chapati za Mama Bhoke ni ndogo, sasa mjue. Chapati zilikuwa ndogo kwa sababu ada ilikuwa kubwa. Mmemsomesha bila kujua, na mimi nawashukuru.

Lakini ilibaki kidogo nisiwepo. Ilibaki kidogo nimwone mwanangu akiapa kwenye picha, kama ndugu wa ukoo wa mbali. Hilo ndilo nataka kuliandika kabla halijapoa, na blogu hii alinifungulia Bhoke mwenyewe, kwa hiyo acha ilibebe.

Tiketi niliikata mwenyewe, kwa simu hii hii. Naomba hilo lieleweke. Hapa kijijini mtu akitaka kupanda ndege anamwomba mtoto wa fulani aliyesoma, au anakwenda mpaka Tarime mjini kukaa kwenye benchi la ofisi ya watu. Mimi nilikuwa bandani kwangu, chapati ziko kwenye kikaango, nikaingia mtandaoni nikachagua: Mwanza mpaka Dodoma, watu wawili, mimi na mume wangu Marwa, Baba Bhoke, Alhamisi jioni. Kiapo kilikuwa Ijumaa asubuhi. Wateja walinyoosha shingo kama twiga wa Ikoma. Mmoja akasema, "Mama Bhoke, leo unanunua ndege?" Nikamjibu, "Leo nanunua viti viwili. Ndege nzima nitainunua Bhoke akianza kazi." Banda likacheka, chapati ikaungua, sikujali.

Sasa kumbe kabla ya kulipa kilikuja kisanduku chenye maneno mengi madogo madogo, na chini yake neno Nakubali. Nililibonyeza kama mzee anavyoitikia marahaba bila kuinua macho kuona ni nani anamwamkia. Tena bei niliyochagua ilikuwa ile ya chini kabisa. Nani anachagua ya juu wakati ya chini ipo?

Nikatangaza kanisani. Nikatangaza kisimani. Nilimtangazia hata fundi pikipiki.

Halafu Jumapili, baada ya ibada, Bibi Nyangi akafariki.

Bibi Nyangi ni jirani yangu, ua kwa ua. Alikuwa mtu mzima sana, ameshiba siku zake, na aliondoka akiwa amekaa kwenye kiti chake, kikombe cha uji wa moto mkononi. Huyu ndiye aliyemlea Bhoke wakati mimi niko bandani. Mtoto yule alikulia mgongoni mwake. Alipoanza kusema, neno "mama" alimpa yeye kabla yangu, na mimi nilinuna siku nyingi. Bibi Nyangi akanicheka akasema, "Usilie, wewe wa maziwa, mimi wa mgongo, mtoto ni mmoja."

Kwa hiyo nililia. Nililia kweli, na sikuwa nafikiria ndege hata kidogo. Ndege niliikumbuka asubuhi yake.

Mtu wa mbali akisoma hapa aelewe mila yetu. Jirani akifa, jembe linapumzika. Halilimwi shamba, hakuna anayefunga safari, mpaka kaburi lifunikwe. Sisi wanawake tunalala pale pale msibani, chini, kwenye majani. Ukionekana stendi na begi lako wakati jirani hajazikwa, watu watauliza unakimbia nini. Na huku kwetu swali hilo hawaliulizi kwa sauti ya chini. Linakufuata miaka. Wajukuu zako wataulizwa.

Jumatatu asubuhi Mzee Chacha akasimama katikati ya uwanja. Yeye ni shemeji yake marehemu na ndiye msemaji wa mji ule, boma la Bibi Nyangi, mtu mrefu, hakuna anayemkatiza. Akatangaza mazishi ni Ijumaa.

Sababu ilikuwa Mwita. Mwita ni mtoto wa kwanza wa Bibi Nyangi, analinda maghala ya korosho huko Mtwara, na kwetu mama hafunikwi mpaka mwanawe wa kwanza atupe udongo wake. Sasa Mtwara kwa basi ni mwisho wa dunia. Aje mpaka Dar es Salaam, alale, apande basi lingine avuke nchi nzima kuja Tarime. Angefika Alhamisi amevimba miguu. Apumzike, Ijumaa tuzike. Hesabu ya Mzee Chacha ilikuwa sahihi, hakuna wa kumlaumu.

Ila Ijumaa ndiyo siku mwanangu anaapa.

Nilijitenga nyuma ya zizi nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea binti mwenye sauti tamu kama aliyelelewa na asali. Nikamweleza nataka kughairi, nirudishiwe pesa yangu, nitajua namna nyingine.

"Mama, tiketi yako ni ya bei ya chini kabisa. Ukighairi hairejeshwi."

"Yaani hata kidogo?"

"Kodi tu, mama. Gharama ya kughairi inachukua iliyobaki. Ulikubali vigezo na masharti."

"Mwanangu, nimefiwa."

"Pole sana, mama." Nikasikia anabonyeza-bonyeza. "Marehemu ni nani yako? Mume, mtoto, au mzazi?"

"Ni jirani."

Akabonyeza tena. Nadhani alikuwa anatafuta kwa moyo mzuri kabisa. Halafu akasema, "Samahani mama. Jirani hayumo kwenye masharti."

Jirani hayumo.

Nilibaki nimeishika simu, ng'ombe wa Mzee Chacha wananitazama. Sikumkasirikia yule binti. Nilimfikiria aliyeyaandika hayo masharti. Huyo mtu hakuwahi kuunguliwa nyumba akazimiwa moto na jirani. Hakuwahi kuibiwa ng'ombe akapiga yowe, wakatoka majirani na mikuki kabla ndugu zake hawajaamka. Ukichukua watu ninaowategemea hapa Matongo ukawapanga, ndugu wa damu wengi wako nyuma huko, mbele wamekaa majirani.

Kuhusu kubadili tarehe, nako nikauliza. Inawezekana, kwa faini na nyongeza ambayo ningenunua nayo mtamba. Tena ningebadili niende lini? Jumamosi, nikamkute wakili anafua joho?

Nikampigia Bhoke. Alilia kwanza kwa ajili ya bibi yake, tukalia wote. Kisha akajikaza, akaanza kuongea ile sauti yake ya vitabu. Mama, mkataba ni mkataba, hapo sina cha kukusaidia kisheria. Mama, usijali, baki umzike bibi, na mimi ningekuwa huko ningebaki. Nitakutumia picha.

Picha! Mimi nilibeba mimba ya picha?

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia sawa mwanangu. Lakini nilisikia jinsi alivyovuta kamasi kabla ya kusema lile neno picha, na mama anajua kamasi za msiba na kamasi za kitu kingine.

Baba Bhoke ni mtu wa maneno machache, akatoa lake. "Tiketi ni mbili. Nenda wewe, mimi nibaki nizike."

"Wakikuuliza mkeo yuko wapi?"

Akafikiri. "Nitasema kapaa."

Ndiyo mume niliyepewa. Nilicheka msibani, nikaficha uso kwenye kanga watu wakadhani nimezidiwa na kilio.

Wakati huo mgodi ukapasua miamba yake ya mchana, vikombe vikatetemeka kwenye sinia kama kawaida, na mimi nikaangalia simu. Ule ukurasa wa ndege ulikuwa bado umefunguka. Nilikuwa naangalia tu bila kutafuta kitu, orodha ya viwanja, Arusha, Bukoba, Dodoma, nateremka. Nikafika kwenye M.

Mtwara.

Nilisimama wima. Mtwara kuna ndege! Mwita akipanda Jumanne, anashuka Dar es Salaam, anaunganisha, jioni yuko Mwanza. Jumatano asubuhi yuko hapa. Jumatano jioni tumemfunika mama yake kwa heshima zote, na Alhamisi alfajiri mimi sina deni na mtu. Kumbe wakati wote nilikuwa navuta kamba upande usiofaa. Nilikuwa nataka kuisogeza safari, na safari imekataa kwa faini. Nikasema basi. Tusogeze mazishi.

Ni rahisi kuandika hivyo sasa, na miguu iko kwenye moto. Siku ile nilikuwa natembea kumwendea Mzee Chacha huku najifunga na kujifungua kanga.

Wazee walikuwa wamekaa chini ya turubai. Nikapiga goti nikasema shikamoo wazee, wakaitikia. Nikaeleza habari ya ndege ya Mtwara. Kabla sijamaliza, Mama Gati, jirani wa upande wa pili, mwanamke mwenye mdomo unaoweza kuchinja kuku, akasema kwa nguvu kutoka kwenye masufuria:

"Haya, sikieni! Mama Bhoke anataka kuzika kwa ratiba ya ndege yake!"

Watu wakaguna. Mwingine akasema, "Si ni Alhamisi anaruka? Ametangaza mpaka mbuzi wanajua." Hilo lilikuwa kweli, nilitangaza sana. Niliona jinsi majivuno yangu yote ya kisimani yalivyorudi kunikalia kichwani.

Mzee Chacha akaniangalia. "Ni kweli, mke wa Marwa? Unataka tumfukie shemeji yangu haraka uwahi shughuli zako?"

Hapo ndipo ningeweza kusema uongo. Ulikuwa tayari mdomoni, umevaa na viatu. Ningesema hapana mzee, namwonea Mwita huruma tu. Lakini nikajua nikidanganya mbele ya msiba ule, hata nikifika Dodoma sitaona kitu.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ndege yangu ni Alhamisi, na nikiikosa pesa hairudi. Mwanangu anaapa Ijumaa. Nataka kuwa kule. Na sitaki kuondoka hapa Bibi Nyangi hajazikwa. Mambo yote mawili nayataka, siwezi kuchagua. Mkisema Ijumaa, nitakaa kwenye majani haya mpaka Ijumaa na hamtanisikia. Lakini huyo anayeapa si wangu peke yangu. Mgongo uliombeba ndio huo mnaotaka kuuzika. Na Mwita ana haki ya kufika akiwa mtu, siyo akiwa gunia lililoteremshwa kwenye basi."

Hata Mama Gati aliacha kukoroga.

Mzee Chacha alianza kuuliza maswali, na mzee wa Kikurya akianza kukuuliza maswali ujue bado hajakataa. Jeneza? Nikasema fundi yuko Nyamongo, ni mteja wangu, litakuwa tayari kesho. Wakwe wa Migori? Nikasema Migori ni kuvuka tu mpaka pale Sirari, wakipigiwa leo kesho jioni wako hapa wanaomba chai. Na watu wote hao kula Jumatano badala ya Ijumaa, nani atapika? Nikasema mpishi ni mimi. Ninalisha machimbo kila siku, nitashindwa msiba mmoja?

Mzee mwingine akachekea kwenye ndevu. Mzee Chacha akatazama kile kiti kitupu cha Bibi Nyangi. "Huyu mwanamke," akasema, "hata chai alikunywa ya moto, hakuweza kusubiri." Halafu akanigeukia. "Sawa. Lakini Jumatano jua likifika kichwani Mwita hayupo hapa, mazishi yanabaki Ijumaa. Na wewe utakaa mbele kabisa, watu wakuone."

Nikasema nimekubali. Na safari hii nilijua nimekubali nini.

Kumpata Mwita haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kumpandisha.

"Shikamoo mama. Hapana, mama, mimi sipandi hicho kitu."

"Mura, kijana wangu, wewe unalinda maghala usiku na rungu, unaogopa kiti?"

"Kiti kiko angani, mama! Nikianguka si itakuwa misiba miwili?"

"Tutawazika siku moja, tuokoe ng'ombe. Chukua kitambulisho chako unisomee namba."

Akacheka. Alikuwa amelia usiku kucha na akacheka, halafu akalia tena, halafu akanisomea namba.

Mara hii nilisoma masharti. Nilijifungia chumbani kwa Bibi Nyangi na binti zake, nikasoma kama ninavyosoma Zaburi, mstari kwa mstari, nikirudia. Ikighairiwa saa kadhaa kabla, unakatwa hiki. Usipotokea kabisa, unakatwa kile. Ya bei ya chini haibadilishwi. Kuna ya kati, imepanda kidogo, hiyo inabadilishwa mara moja bila faini. Nikawaeleza wale mabinti, wakatoa ile nauli ya basi waliyokuwa wamemchangia kaka yao, mimi nikajazia kutoka bandani. Tukachukua ya kati. Nilipobonyeza Nakubali, nilikuwa nimekubali kwa macho mawili.

Jumanne nilipika tangu alfajiri. Mchana Mwita akatuma ujumbe mmoja, "Naingia," halafu simu yake ikazimika. Ikakaa imezimika. Mama Gati kila akipita na maji ananiuliza, "Hajapatikana?" Nikamweleza kwenye ndege wanazima simu. "Aa," anasema, "wanazima wao, au imezimika yenyewe?" Nilimuombea mdomo wake upate kazi nyingine. Na mimi, nikisonga, nilikuwa nafikiria: mtoto wa watu nimempandisha kwa mzaha, likitokea jambo nitasema nini? Hapo ugali niliusonga mpaka ukaomba msamaha.

Jioni simu yangu ikaita. "Mama, niko Mwanza." Akashusha pumzi. "Mama, nchi hii ina maji mengi."

Niliruka juu na mwiko. Nikamwambia Mama Gati, "Imewashwa na wao!"

Jumatano asubuhi, tukinywa uji, gari dogo likateremka njia ya zizi na Mwita akashuka. Shati limenyooka, uso wa mtu aliyelala. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akakaa hapo, hatukumfuata. Baadaye alikuja jikoni kunisalimia. Mkononi ana kifurushi cha karanga walichompa kwenye ndege, hajakifungua. Akasema, "Angeniuliza huko juu kukoje. Ningeshika hiki nimwonyeshe." Nilimpa kiti na bakuli.

Jua lilipofika kichwani Mzee Chacha aliangalia juu, akaniangalia mimi, akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwa mzee yule hiyo ni hotuba.

Tulimzika vizuri. Nataka niandike hilo kwa herufi kubwa kama ningejua kuzifunga na kuzifungua kwenye simu hii. Wakwe wa Migori walifika wote, kwaya iliimba, watu walikula wakashiba wakabakiza, na hakuna aliyesema mazishi yalikuwa ya haraka. Mwita alitupa udongo wake wa kwanza polepole, akausikiliza ukianguka. Mimi nilipotupa wa kwangu nilimwambia Bibi Nyangi kimoyomoyo nitamsalimia mtoto wetu.

Na sasa niseme la ukweli, maana hapa ni kwangu. Sijui kama ningemtafutia Mwita ndege kama ya kwangu isingekuwa Alhamisi. Nimejiuliza sana. Labda angekuja kwa basi, na mimi ningempa pole tu kama wengine. Mungu analijua, na Bibi Nyangi sasa naye anajua, na namfahamu, atakuwa anacheka.

Alhamisi alfajiri aliyenibebea begi mpaka kwenye bodaboda ni nani? Mama Gati. Akasema, "Nenda, mpandaji ndege. Ukirudi unikatie na mimi tiketi ya kwenda kwa dada yangu Arusha." Nikamwambia nitakukatia, ya kati. Akaniuliza ya kati ndiyo ipi. Nikamwambia, dada yangu, kaa chini siku moja nikufundishe maisha.

Ndani ya ndege nilikaa dirishani. Baba Bhoke alifumba macho toka Mwanza mpaka Dodoma, na bado anadai alikuwa anasali.

Ijumaa. Ukumbi umejaa, watu wamevaa hasa, kumenyamaza kama kanisani siku ya Ijumaa Kuu. Nilivaa kitenge changu kipya na viatu vya kubana. Wanaitwa kwa majina mmoja mmoja. Mawakili vijana wanasimama, wanaapa, wanakaa, makofi ya ustaarabu. Mimi nilikuwa nimejiapisha kutulia. Bhoke alikuwa amenionya kwa simu: Mama, hapa ni mbele ya jaji, tafadhali.

Wakaita jina lake. Jina lake, na la baba yake, na la babu yake aliyechunga ng'ombe wa watu.

Akasimama. Kabla ya kufungua mdomo aligeuka kidogo, akawa anatafuta kwenye viti, mstari wa kwanza, wa pili, wa katikati. Nilimwona anavyotafuta. Alikuwa mtoto yule yule wa kutafuta mgongo. Macho yakafika kwetu yakasimama.

Mimi kutulia nilijaribu. Kigelegele kilitoka chenyewe, kirefu, cha Matongo, kikapiga dari. Baba Bhoke, mtu wa maneno machache, akasimama akaguruma ile ya wanaume wa Kikurya wakiona ng'ombe wamerudi. Mlinzi wa ukumbi akaja mbio: "Mama, mama, hapa ni mahali pa heshima." Nikamwambia, "Mwanangu, ndiyo heshima yenyewe hiyo." Na jaji, nawaambia, niliona meno yake.

Kama ningemwona kwenye picha tu, nani angempigia kigelegele?

Jana tumerudi na Bhoke. Aliomba ruhusa aje kutoa pole, na jambo la kwanza hakuingia kwangu, aliingia mji ule mwingine, kwa Bibi Nyangi. Alikaa kaburini peke yake muda mrefu, mvua ya jana ilipoanza ndipo akaja, amelowa, matope mpaka magotini, akasema ana njaa. Mwita yupo bado. Anawasimulia watoto habari za mawingu, na kila siku mawingu yanazidi kuwa makubwa. Watu wanapita uani kwangu kumwamkia wakili, wengine wameshaanza kuleta kesi za mipaka ya shamba na yeye hajapumzika. Mama Gati amekuja na kitambulisho chake kwenye leso.

Nimemkuta Bhoke saa hii amelala kwenye kitanda chake cha zamani, miguu imetoka nje ya blanketi. Nimemtazama mpaka nimeona aibu. Nikamfunika.

Kesho ng'ombe watahitaji kukamuliwa, na mimi mgongo unaniuma wa safari. Nitamgongea wakili mlango na kumpa ndoo.